Walimwacha Shangazi Hai

Fundi mapazia alirudi kutoka ibadani kitambaa cha kichwani kikiwa bado kimekaa sawasawa, akausukuma mlango wa sebuleni kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa imekumbatia robota la kitambaa cha mteja. Akaganda pale pale mlangoni. Runinga ilikuwa inawaka. Kwenye kioo cheusi majina ya watu yalikuwa yanapanda, yanatokea chini na kupotelea juu, huku muziki wa huzuni unajikokota. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, aliruka kutoka kwenye kochi, pedi ya kuchezea mkononi, meno yote nje.

"Shemeji! Nimekumalizia!"

"Umenimalizia nini?"

"Gemu! Si lile lililowashinda wewe na kaka? Misheni ya mwisho, ile yenye alama nyekundu inayowakawaka pale gereji. Nimeifyeka! Nikasema leo shemeji yangu akirudi na uchovu wake akute zawadi."

"Shangazi yuko wapi?"

Shemeji akacheka. "Yule bibi wa matairi? Kaenda na maji. Tena wala hakunisumbua, kasimama tu..."

Robota lilianguka puu.

"Nilikupa ufunguo wa nyumba yangu uje kutengeneza swichi," alisema mjane, polepole, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata. "Swichi. Nani kakwambia ukae kwenye kochi?"

"Swichi nimeshatengeneza. Ona, inawaka. Ni gemu tu hili, shemeji."

"Zima."

"Subiri majina yaishe, maana..."

"Nimesema zima!"

Akazima.

Sasa, mtu asiyejua angesema mama huyu kapungukiwa. Mwanamke mzima, mcha Mungu, mtu wa mstari wa mbele kwenye ibada, anamlilia bibi wa kwenye runinga? Lakini hilo gemu halikuingia nyumba ile kama yanavyoingia mengine. Mume wake alikuwa fundi majokofu, na mteja wake mmoja aliyekuwa anahama alimwachia mashine ya gemu pamoja na diski zake, sehemu ya kwanza mpaka ya nne, zote za mji ule ule. Fundi majokofu akamwita mke wake aje aone barabara. Mke akaja na sindano mdomoni ili aone tu, arudi kwenye cherehani yake. Hakurudi jioni ile.

Walikuwa na namna yao ya kucheza. Mume alipigana, mke aliendesha. Ikifika ngumi, bunduki au kukimbizwa, pedi inakwenda kwa baba. Ikifika gari, pedi inarudi kwa mama. Na mama alisimama kwenye taa nyekundu. Wahuni wa gemu wanampita wakikata kona kwa kelele, polisi wa gemu wanapita na ving'ora, yeye kasimama, anasubiri kijani. Mume wake alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mke wangu, hii gari tumeiiba!" "Kuiba umeiba wewe," anamjibu. "Taa ni yangu."

Sehemu ya pili aliipenda kwa sababu ndani yake mtu angeweza kupanda teksi kama abiria, akakaa nyuma, akatazama mji unapita. Sehemu ya tatu hakuisamehe mpaka leo. Waliondoa teksi, wakaongeza bunduki, na wazee wote wakatoweka barabarani, kana kwamba mji unakaliwa na vijana wenye hasira peke yao. Mume alisema hiyo ndiyo kali kuliko zote. Walinuniana kwa ajili yake. Ya nne ikarudisha teksi, mvua inalowesha nguo, ndege wanaruka ukipita karibu nao. Na Shangazi sasa ana mvi.

Shangazi alikuwamo toka sehemu ya kwanza. Jina lake la kule liliwashinda ulimi, wakambatiza. Mwanamke mnene wa gereji ya matairi, anayekuficha ukikimbizwa, anayekurudishia gari likiwa zima bila kukuuliza limepondekea wapi. Ukipita mbele ya gereji ukapiga honi, anainua spana juu. Basi, hilo tu. Lakini kwa magemu yote manne aliinua ile spana.

Halafu mwisho wa ya nne bosi anapiga simu: Shangazi kasema kwa polisi, kaogopa kwa ajili ya mwanawe. Nenda kamwondoe. Na alama nyekundu inaanza kuwaka juu ya gereji.

Hapo ndipo mke alipoweka pedi mezani. "Mimi sikupeleki."

"Ni lazima, mke wangu. Gemu haliishi bila hivyo."

"Lisiishe."

Walibishana kwa siku kadhaa, chai inapoa. Mume alikuwa mbishi. Katika ndoa yao, mabishano makubwa yote alishinda yeye, hata ya rangi ya ukuta. Lakini jioni moja alikaa kwenye kochi, akaushika mkono wa mkewe, akasema, "Haya. Tumwache." Wakagundua kuwa ukikaa mbali na gereji, usiingie ndani ya ule mlango, gemu linakungoja. Linakungoja tu, alama inawaka, mji uko wazi. Fundi majokofu hakurudi nyuma kwenye neno lake mpaka alipougua, na hata alipokuwa hawezi tena kushika pedi alikuwa akisema, "Nipitishe kwa Shangazi." Mke anaendesha, anapiga honi, spana inapanda.

Baada ya mazishi aliendelea kupita. Akimaliza kushona anapita, anapiga honi, anazima.

"Alisema nini?" aliuliza sasa, pale sebuleni.

"Nani?"

"Shangazi! Ulipoingia. Alisema nini?"

Shemeji alijikuna shingo. "Kulikuwa na maneno marefu marefu. Si unajua yale mazungumzo yao. Nilibonyeza kuyaruka."

Mjane alikuwa mtu wa kutafuna maneno kabla ya kuyatema, kila mtu mtaani alimjua hivyo. Siku hiyo hakutafuna.

"Umeingia kwenye nyumba ya watu, umemuua mtu, na hukumpa hata nafasi ya kumaliza sentensi! Wewe ni mtu wa namna gani? Hujui kuuliza? Kaka yako kalala kitandani miezi anaomba apitishwe pale, wewe ulikuwa unakuja hapa, unakunywa uji, unatuona! Ulidhani tumeshindwa?"

"Nilidhani mmeshindwa," alisema shemeji kwa sauti ya chini. "Kweli shemeji. Nilidhani kaka alikufa na hamu ya kulimaliza. Nikasema nimlipie deni."

"Hakuwa na deni!"

"Basi tulia. Tunarudi nyuma, tunafungua lile mlilolihifadhi kabla. Mmehifadhi kwenye nafasi ngapi?" Akaiwasha tena runinga, akabonyeza, akabonyeza tena. Uso ukamshuka. "Shemeji. Mbona ni nafasi moja tu?"

"Ndiyo."

"Na gemu limejihifadhi lenyewe juu yake. Nani duniani anacheza gemu la namna hii na nafasi moja?"

"Sisi."

Hiyo ilikuwa sheria yake yeye, tena ngumu. Hakuna kurudi nyuma. Ulichokifanya umekifanya. Ukigonga mtu, unashuka, unasimama, unasubiri gari la wagonjwa na polisi, wakikukamata wanakukamata. Mume wake alimgonga mbwa siku moja akikimbizwa, mbwa mwenyewe wa kando ya barabara, hana hata jina, akaomba warudishe kidogo tu, nukta moja. Alipiga magoti kwa mzaha, na mzaha ukamwishia machoni. Mke akakataa. "Mungu hajatupa kitufe hicho," alisema. Fundi majokofu akatembea na ule uzito wa mbwa wiki nzima.

"Toka," alimwambia shemeji.

Shemeji akatoka, viatu mkononi.

Siku iliyofuata cherehani ililia tangu asubuhi. Mapazia ya mteja yalikatwa, yakapindwa, yakashonwa kwa kanyagio zito kiasi kwamba uzi ulikatika mara kwa mara. Alimkasirikia shemeji, ndiyo, lakini hasira ilikuwa haimtoshi huyo peke yake, ikammwagikia kila mtu. Aliwakasirikia waliolitengeneza hilo gemu. Watu hao walikaa wakafikiria mvua iloweshe shati. Wakafikiria ndege. Wakakupa kofia za kuchagua, viatu, rangi ya gari, samaki wa kuvua. Wakaweka kitufe cha ngumi, kitufe cha kuruka, kitufe cha kuiba gari. Cha kukataa hawakuweka! Bosi anapiga simu, anakwambia ua, na wewe huna hata namna ya kumwambia "sitaki, baba." Mji mzima wamekufungulia, halafu mwishoni mlango mmoja tu, na nyuma ya mlango mwanamke aliyekurekebishia magari maisha yake yote. Wakauita huo uhuru! Ikabidi yeye na fundi majokofu wakatae kwa miguu, kwa kutokwenda. Na hata huko kutokwenda, mtu kaja na bisibisi ya swichi, kawaendea.

Alimkasirikia pia marehemu, kwa kufa. Hilo alilisema kwa sauti, peke yake, kisha akamwomba Mungu msamaha na kuchomeka uzi upya.

Alasiri mlango ukabishwa hodi ndogo, ya mtu mwenye makosa.

"Nani?"

"Mnyonge wako."

"Sina mnyonge."

"Ni mimi, shemeji. Fungua basi, majirani wananiona nimesimama kama nimekuja kukuposa."

Akafungua, kwa aibu ya majirani tu. Shemeji alikuwa fundi simu, na kwenye mambo ya mashine hakuwa mjinga. Aliingia akiwa na macho mekundu ya kutolala na simu mkononi.

"Nimepata," alisema, hata salamu kasahau. "Kaka aliwasha kitu humu mwanzoni kabisa, labda hata hakujua. Mashine inapeleka nakala yake mtandaoni. Ipo ya juzi. Juzi, shemeji! Shangazi mzima, alama inawaka, kila kitu kama mlivyokiacha. Ni kubonyeza tu hapa."

Mjane aliketi. Aliiona gereji, aliona spana inapanda. Kwa muda akataka kusema bonyeza, bonyeza haraka kabla sijafikiri.

"Nibonyeze?"

"Ngoja."

"Nangoja nini tena?"

"Kaka yako alinipigia magoti kwa ajili ya mbwa," alisema. "Mbwa. Pale pale ulipokanyaga. Nikamnyima. Leo nijipe mimi?"

"Shemeji, yule alikuwa anatania."

"Hakuwa anatania. Mimi nililala naye, wewe hukulala naye."

Kidole cha shemeji kilikuwa bado juu ya kioo cha simu, kinaning'inia.

"Ifute," alisema mjane.

"Shemeji..."

"Ifute, nione."

Akaifuta. Alionyesha kioo. Mjane alitazama kwa makini, kama anavyotazama mshono wa mwanafunzi wake, akaridhika kuwa hakuna kilichofichwa.

"Sasa kaa. Washa. Gemu la nne, mwanzo kabisa."

"Mwanzo? Tucheze nini?"

"Mimi naendesha. Wewe unapigana. Mpaka tufike kwenye ile simu ya bosi. Na bosi akishapiga, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, utasema tumwache. Na tutamwacha."

Shemeji alicheka kidogo, akaona hachekewi. "Hiyo ni miezi! Nina duka, nina simu za watu zimelala mezani."

"Jana duka lilikuwa wapi?"

Shemeji akakaa, si katikati ya kochi kama jana, pembeni kabisa. Gemu likaanza. Kwa bahati mbaya yake, misheni ya kwanza kabisa inaanza kwa kukimbizwa, na mjane akamsukumia pedi: "Kukimbia ni ugomvi. Ni kwako." Shemeji alikamata pedi, gari likaruka, likakata kona, likapanda ukingo wa barabara. Mtu mmoja wa gemu, mwenye mfuko wa soko, akarushwa. Machungwa yakatapakaa barabarani.

Kidole cha shemeji kikakimbilia kitufe cha kuanza upya.

"Toa kidole hapo."

"Nimeteleza! Hatujaanza hata..."

"Shuka kwenye gari."

"Polisi wako nyuma yangu, shemeji!"

"Vizuri, hawatachelewa. Shuka. Simama kando yake."

Mtu wake wa kwenye runinga alishuka garini, akasimama katikati ya machungwa, mikono imening'inia. Ving'ora vikakaribia. Shemeji alimtazama mjane kwa jicho la kuomba, na mjane akatazama mbele, taya zimekaza, kitambaa cha kichwani kimenyooka.

"Wananikamata," alisema shemeji. "Ona, wananifunga pingu."

"Wakufunge. Na yule mwenye machungwa akisema kitu," akasema mjane, "usiruke maneno yake."