Cherehani Isiyo na Uzi

Mume wangu hanywi. Nalisema hilo mapema, maana kila ninayemlalamikia huanzia hapo. Hanywi, havuti, hana mwanamke wa nje, haji nyumbani akiyumba. Anakimbia tu. Sasa nenda wewe kamwambie mtu kwamba nyumba yako inabomolewa na mazoezi, uone atakavyokucheka. Jirani yangu alinijibu nimpelekee yeye huyo mume, anipe wake mwenye kitambi.

Sisi ni mafundi wa nguo. Yeye hukata na kushona, mimi hupiga vifungo, hukunja pindo na kupiga pasi. Chumba cha mbele ndicho cha kazi: cherehani ya miguu dirishani, meza ya kukatia katikati, nguo za watu zimening'inia ukutani. Cherehani hiyo aliirithi kwa baba yake, na baba yake aliangukia juu yake. Mzee alikuwa ameketi anashona suruali, akapooza upande mmoja, akalala chumba cha nyuma miaka mingi, mama mkwe akimlisha kwa kijiko, mpaka akafariki. Basi daktari alipompima mume wangu akamkuta na presha, akamwambia anakaa mno, aanze kutembea, akimbie kidogo. Ile “kidogo” mume wangu aliiacha palepale kwa daktari.

Mwanzoni nilifurahi mno. Tumbo lilipungua, usingizi ukarudi, akawa anapiga mluzi akikata vitambaa. Kisha asubuhi haikumtosha, akaongeza jioni. Mvua inanyesha, anakimbia. Ana homa, anakimbia. Siku ya mazishi ya shangazi yake alitoroka na suti yake, akarudi viatu vimejaa vumbi, watu wameshatawanyika. Nikimzuia anakuwa mkali, vidole vinamtetemeka hata kutunga uzi hawezi. Mtaani wakambandika jina, Fundi Mbio, naye kichwa kikamvimba. Mama mkwe alikuwa haambiliki. Kwake, mwanawe alikuwa anaukimbia ule ugonjwa wa baba yake, na mke mwenye akili angemshikia taulo mlangoni.

Halafu akaanza kuchechemea. Alichechemea akikimbia vilevile, mpaka siku moja nikamburuta hospitali, akapigwa picha, wakaona ufa kwenye mfupa wa mguu wa kulia, chini ya goti. Nesi wa pale ni mteja wetu wa siku nyingi, hazungushi maneno.

“Fundi, ufa huu ukituliza mguu utaziba wenyewe,” alimwambia. “Ukikimbia tena, mfupa utakatika, na hapo sikuahidi kwamba utakanyaga sawasawa maishani mwako.”

Wakamvalisha kiatu kigumu cha kufunga kwa mikanda. Kushona wakamruhusu, lakini akanyagie mguu wa kushoto peke yake, polepole. Raba zake nikazifungia kabatini, ufunguo nikautia kifuani.

Siku za kwanza alikaa anatazama ukuta. Ukimwongelesha anakujibu kwa ukali, na kila sahani niliyompelekea niliirudisha kama ilivyo. Nilikuwa nikienda uani kulia, kisha naosha uso narudi kazini, nguo za watu zinasubiri. Niliogopa nisije nikamtunza mwanaume kitandani kama mama mkwe, na safari hii kwa kujitakia.

Mchana mmoja niko nyuma napiga pasi, nikasikia cherehani. Jamani, ule mlio! Nikaweka pasi pembeni, nikakaa kitako sakafuni. Mama mkwe akaja mbiombio na leso yake ya kufutia machozi, akanishika mikono, akasema mwanawe amerudi kazini. Tukakubaliana tusimsumbue. Tukawa tunampelekea chai mpaka mlangoni, tunarudi kwa kunyata, wanawake wazima sisi. Kila alasiri ikawa hivyo, na nguo akazirundika kitini, akisema atanipa zote pamoja nizitie vifungo.

Na mimi nimezeekea kwenye vitambaa. Mtu anayeshona namjua kwa masikio: anakwenda, anasimama, anageuza kitambaa, anakwenda tena, kwa sababu bega lina mwisho na pindo lina mwisho. Cherehani ya mume wangu haikuwa inasimama. Ilikwenda moja kwa moja, kasi ikipanda, nami huku nyuma najisifia kwamba mwenzangu ameshika kasi. Sikutaka kujua zaidi ya hapo.

Nesi alikuja kuchukua gauni lake jipya la kazi. Mume wangu alikuwa msalani. Nikalikuta gauni liko juu ya cherehani, nikachomoa pini zote kama ninavyofanya siku zote, nikampa alipime. Alipoingiza mkono, mkono wa gauni ukaanguka chini. Akacheka. Akavuta ubavuni, ubavu nao ukaachana kuanzia kwapa hadi pindo. Akaniuliza kama siku hizi fundi anashonea mate.

Nililiinua lile gauni kwenye mwanga wa dirisha. Matundu matupu. Sindano ilikuwa imepita palepale, tena na tena, mpaka kitambaa kimekuwa chujio, vipande vimeng'ang'aniana kwa nyuzinyuzi zake tu, na uzi wa kushonea hakuna hata mmoja. Nikavuta nguo nyingine zilizorundikwa kitini, mashati, sketi, suruali ya mwalimu, zote vilevile. Nikainama chini ya cherehani. Kile kiatu kigumu kilikuwa kimetupwa pembeni, mikanda wazi, na vumbi limekifunika.

Nesi aliacha kucheka. Mume wangu alipoingia, nesi akamkalisha, akamgusa mguu wa kulia, naye mume wangu akauma mdomo mpaka ukatoka damu. Nesi akaniambia nimwandae sasa hivi, yeye anatangulia kumtafutia kitanda.

Nikachomoa mkanda wa cherehani. Mume wangu akanidaka mkono.

“Nirudishie, mke wangu. Kidogo tu, halafu twende.”

“Sirudishi.”

“Nikitulia namwona baba, amekaa kwenye hiki kiti. Nikikanyaga haji.”

Mama mkwe alikuwa mlangoni, amesikia kila neno. Aliufunika mdomo kwa kanga, akarudi nyuma. Nami nilitamani kumkumbatia mume wangu, nikatamani pia kumzaba kofi, nikaishia kuusokota ule mkanda mkononi. Nikaingia chumbani kumtafutia nguo za hospitali. Niliporudi, kiti kilikuwa kitupu na mlango uko wazi.

Alikimbia na kandambili. Wauzaji wa duka la vifaa vya ujenzi ndio walionisimulia, kwa furaha kwanza, kabla hawajaniona uso. Walimwona anakuja anaburuta mguu, machozi yanamtoka, lakini anakimbia, wakaacha kupakia saruji wakampigia makofi. Jikaze, Fundi Mbio! Hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Walimshangilia mpaka kwenye kona, na pale kwenye kona ndipo mfupa ulipokatika.

Wamempasua, wamemtia chuma. Daktari hasemi atatembea vipi, anasema tu tusubiri. Mguu wa kulia umening'inizwa, haugusiki. Jana nilipofika nilimkuta ametulia, uso umelainika, nikakaa kando ya kitanda nikamshukuru Mungu kwa utulivu huo, hata kama umetupata kwa njia hii.

Mtaalamu wa viungo akapita, kijana mchangamfu, akampiga begani. Akaniambia ana wagonjwa wanaolilia hata kugeuzwa, lakini huyu wangu ni wa mfano, kila akipita anamkuta anafanya mazoezi, damu inatembea vizuri. Akaniambia nijivunie. Nikaangalia kitanda. Chini ya shuka mguu wa kushoto ulikuwa unakanyaga, unapanda unashuka, haupumziki, na kila ukishuka ile kamba iliyoshikilia mguu mwingine inatikisika, naye jasho linamtiririka shingoni na chuma kinamuuma kwenye mfupa.

Mtaalamu alipoondoka niliupitisha mkono chini ya shuka, nikaushika ule mguu kwa nguvu zangu zote. Ukanisukuma. Nikaubana kwa mikono miwili, nikauegemea kwa kifua, mpaka ukalegea. Nikalegeza vidole, ukaanza tena.

Mume wangu alifumba macho.

“Shika,” aliniambia. “Usiuachie, nakuomba. Mimi siwezi.”

Nikaushika. Kengele ya kuwatoa wageni ikalia, na mlinzi akaanza kupita kitanda hadi kitanda, akituambia muda umekwisha.