Regyuleta Isiyosikia

Kwa mara ya kumi na moja Jeconia aliingiza skrubu nusu mzunguko, akakaza macho kwenye mita, na mshale haukumjali. Trekta ilinguruma uani kwa Zeinabu, pale Makina, dinamo ikizunguka vizuri, mita ikisoma volti ishirini na tano. Akairudisha skrubu nje. Ishirini na tano.

"Haiwezekani," alisema, kwa hasira ya mtu aliyesoma.

Maana alikuwa amesoma. Miaka miwili ya shule ya usiku, tena akikaribia sitini, ndiyo iliyomtoa katika ufundi wa kubahatisha. Daftari lake lilieleza wazi: kwenye regyuleta, kile kisanduku kinachouwekea umeme wa dinamo kipimo, ukikaza springi volti hupanda, ukiilegeza hushuka. Halikusema lolote juu ya regyuleta isiyosikia. Na lililomchanganya zaidi ni kwamba umeme ulikuwepo, tena wa kupita kiasi, lakini betri haikupata hata chembe. Siku tatu trekta ilikuwa haiwaki ila kwa kusukumwa, na tangi la maji inalolivuta lilikuwa halijafika mtaa wa Gatwekera.

Zeinabu alitoka na kanga begani. "Mzee Jeconia, niambie kweli. Itapona?"

"Itapona, Mama Sumaya."

"Jana pia ulisema hivyo."

"Jana sikuwa nimeichunguza."

"Na leo?"

Jeconia alifikiri. "Leo nimeichunguza. Ndiyo maana sielewi."

Zeinabu alikuwa amempa hadi alasiri. Baada ya hapo Nabil, mkwewe, angeivuta mpaka gereji moja Kawangware, na Jeconia, aliyeitunza trekta tangu enzi za marehemu Fadlalla, mume wa Zeinabu, hangeitwa tena uani humo.

Nabil alifika mapema, mnyororo mkononi. "Niaje, mzee! Bado unaikuna tu?"

"Sikuni. Napima."

"Tangu Jumatatu? Kwani unaishonea suti?"

Zeinabu aliziba mdomo kwa kanga. Jeconia aliinama haraka ili asionekane uso, na bisibisi ikamteleza, ikaegemea mguu wa regyuleta na mwili wa trekta kwa pamoja. Ndani ya kisanduku kikalia *tak*. Mshale ukaanguka.

Akaiinua bisibisi. Mshale ukapanda. Akaigusisha tena, polepole. *Tak*.

"Nabil, umegusa nini?"

"Mimi? Si niko huku!"

Jeconia alizima injini, akasimama kinywa wazi. Umeme wa regyuleta hurudi kwenye mwili wa trekta kupitia mguu ule. Sasa kwa nini usubiri bisibisi ya mtu? Akafungua bolti, akaigeuza regyuleta. Chini yake rangi ya kijani ilimeremeta, nzito, safi. Yake mwenyewe. Wiki iliyopita, alipoona kutu, aliking'oa kisanduku akakipaka juu na chini, kwa kuwa hakupenda kazi nusu. Na rangi haipitishi umeme; ndiyo maana hata swichi ya kupeleka umeme kwa betri, iliyomo humo kisandukuni, haikuwa ikijifunga.

Aliikwangua mpaka chuma kikang'aa, akafunga. Wakasukuma, ikawaka. Akachana kipande cha karatasi, akakipenyeza kati ya midomo ya swichi ya betri ili betri isiingilie kipimo, kisha akageuza skrubu upesi kabla ya koili ya ndani kupata joto na kuudanganya mshale. Mshale ulimfuata kama mbuzi aliyefungwa kamba. Kumi na sita, kama daftari lilivyotaka. Akachomoa karatasi.

"Ilikuwa nini?" Zeinabu aliuliza.

Angeweza kusema waya. Angeweza kusema uzee wa chuma, na nani angebisha?

"Rangi," alisema. "Niliipaka mpaka chini, umeme ukakosa pa kurudia. Kosa ni langu."

"Si ungesema tu ni wachawi, mzee!" Nabil alicheka.

Zeinabu hakucheka. "Nabil, peleka huo mnyororo nyumbani. Na wewe, mzee, iache ingurume betri ishibe. Kisha utapeleka maji Gatwekera mwenyewe, uwaeleze akina mama habari hiyo ya rangi."

"Wote?"

"Wote."

Jeconia alifungua daftari ukurasa mtupu, akashika kalamu aandike juu ya regyuleta isiyosikia, asijue aanzie wapi.