Amezidi

Jedwali lilikuwa langu, na nililionea fahari kama mama mwenye mtoto wa kwanza. Mkuu wa shule alikuwa ametuambia alama za namba basi. Kila mtoto apimwe kwa vigezo, na mzazi aelezwe kwa maneno mtoto wake amefika wapi. Wenzangu walinung'unika. Mimi na kiherehere changu nikasema, nipeni kazi hiyo, kesho mtaikuta mezani.

Ngazi zilikuwa nne: yuko chini ya matarajio, anakaribia matarajio, amefikia matarajio, amezidi matarajio. Visanduku vikatoka vyembamba, maneno yakagoma kuingia. Nikafuta "matarajio" kote. Nani asiyejua tunazungumzia nini? Jedwali likapendeza, hata mkuu akalisifu.

Ijumaa tukagawa ripoti. Mama mmoja alinisimamisha getini kuniuliza mwanawe anakaribia wapi. Nilicheka hadi nikashika mbavu, nikaenda kuwasimulia wenzangu, nao wakacheka.

Jumatatu dawati la Wakili lilikuwa tupu. Wakili ni jina tulilompa sisi walimu: msichana wa miaka kumi na miwili, mdomo mwepesi, kichwa chepesi zaidi, na darasani mwangu ndiye peke yake aliyepata ngazi ya juu mstari kwa mstari. Jumanne, tupu. Jumatano jirani yake akaninong'oneza, "Mwalimu, baba yake amesema shule basi. Kesho anapelekwa kwa shangazi yake akajifunze kushona."

Damu ilinichemka. Kengele ya mwisho ilipolia tu, nikashika njia ya kwao. Baba yake ni fundi wa kuchomelea, na karakana iko mbele ya nyumba. Njiani nilishapanga maneno ya kumpasha mpaka masikio yamwashe.

Nilimkuta akikata nondo. Hata salamu sikungoja iishe.

"Fundi, unamtoaje shule mtoto aliyewashinda wote darasani?"

Alivua miwani ya kazi, akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Mwalimu, usinichezee. Si wewe mwenyewe uliyeniandikia?"

Akaingia ndani, akarudi na ripoti iliyokunjwa mara nne. Akaisoma polepole, kwa kidole cheusi cha kazi.

"Kuzungumza: amezidi. Kuuliza maswali: amezidi. Haya, hayo nikameza, mtoto wangu namjua." Kidole kikashuka hadi mstari wa mwisho. "Kushirikiana na wenzake, wavulana kwa wasichana: amezidi. Mwalimu, miaka kumi na miwili! Nifanye nini, ningoje aniletee mjukuu?"

Nililisoma lile neno kwa macho yake, na kweli, ndivyo linavyosemwa nyumbani, sokoni, kila mahali: huyu mtoto amezidi. Mimi mwenyewe hulisema hivyo nikikasirika. Maneno niliyoyapanga njiani yote yalinipotea.

"Amezidi matarajio," nikasema. "Amefanya vizuri kupita tulivyotegemea. Kuna neno nililikata, fundi. Halikuenea."

"Halikuenea?"

"Kwenye karatasi."

Akakaa palepale juu ya vipande vya chuma. Akakitazama kiganja cha mkono wake wa kulia, akakitazama tena, nami nikaelewa kabla hajafungua kinywa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nianze kufundisha.

"Sijawahi kumpiga mtoto huyu," akasema. "Sijawahi, mwalimu, mpaka Ijumaa."

Akamwita. Wakili akatoka, akaniamkia bila kuinua uso. Shavu lake bado lilikuwa na alama. Baba yake akamwambia, kwa shida, kwamba safari imekufa na kesho anarudi shule. Hakuruka, hakucheka.

"Mwanangu," nikamuuliza, "mbona hukumwambia baba kwamba hukufanya kitu?"

"Nilimwambia. Halafu nikakubali."

"Ukakubali nini?"

"Sijui. Nilisema nimekosa, anisamehe. Akaniuliza kosa gani, nikamwambia mwalimu ndiye anayelijua, kwa sababu mwalimu haandiki uongo."

Kisha akaniinulia macho, akangoja nimwambie.