Kadi ya Kijani

Wodi ya watoto ilikuwa na mashine mbili za oksijeni, na zote zilinguruma kwenye vitanda vyenye kadi nyekundu. Mfua nguo alikaa kitanda cha tatu, kadi ya kijani ikining'inia miguuni pa mwanawe, akihesabu pumzi.

Kitanda cha pili alikuwa msusi, jirani yake wa ukuta mmoja. Watoto wao waliugua nimonia wiki moja, wakaletwa asubuhi moja. Watafiti walioleta zile mashine waliwatoa damu wote wawili, wapime jinsi miili inavyopigana na ugonjwa. Damu ya mtoto wa msusi ilisoma juu, akapewa kadi nyekundu na mashine. Ya mwanawe ilisoma chini kwa sababu yeye, mama mwenye akili zake, alishampa dawa nyumbani siku mbili. Msusi hakumpa wake hata kijiko.

Wivu ulimkaba. Alimtazama yule mtoto, mrija puani, amelala fofofo, akatamani damu ya mwanawe nayo ingesoma juu. Alijua anatamani nini. Hakuacha.

Alasiri akapata alichotamani. Mbavu za mtoto zilianza kuzama kila alipovuta pumzi, midomo ikawa ya kijivu.

"Sista, mwanangu awekewe mashine!"

Nesi akachungulia kadi. "Wako ni kijani, mama."

"Hiyo ni ya asubuhi. Mtazame yeye!"

"Namwona. Lakini mashine ni za utafiti. Nikimvua wa nyekundu, nami nitavuliwa sare."

"Mpeni ya wangu," msusi akadakia. "Wangu tangu saa sita anadai uji."

"Haitoki mpaka atolewe damu kesho. Tukiigusa, tunawaharibia hesabu zao."

Mfua nguo hakumshukuru jirani yake. Hata huruma ile ilimuuma: mwenzake alikuwa na cha kugawa.

Jioni mtafiti akaja na sindano. Alimtazama mtoto, akaandika haraka.

"Amebadilika sana huyu. Watoto kama hawa ndio wanaotufundisha, mama. Ahsante kwa kukubali awe kwenye utafiti."

"Na mashine, daktari?"

"Majibu kesho saa nne. Yakisoma juu, tutambadilishia kadi. Bana hapa."

Akaondoka na kichupa chake. Kitanda cha pili, msusi alikuwa amesinzia. Mwanawe aliketi, mrija ameshauchomoa, na hewa ilipuliza shukani bure.

Mfua nguo alibana pamba kwa mkono mmoja. Wa pili akaunyoosha kwenye ule mrija.

"We mama!" nesi akafoka kutoka mlangoni. "Hiyo si yako!"