Gari Lililokataa Kupata Joto

Injini ilikuwa imenguruma dakika ishirini nzima, na mshale wa joto bado umelala kwenye alama ya baridi kana kwamba gari halijawashwa. Fundi akakigonga kioo cha geji kwa kidole. Akakigonga tena. Akaweka kiganja mbele ya tundu la hita, akapokea upepo wa uvuguvugu, kama wa mtu anayepuliza chai.

"Vipi?" dada yake akauliza.

"Inapasha."

"Imekuwa ikipasha tangu saa moja asubuhi."

Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa gereji, amejifunga shali mbili, mfuko wa blanketi za mtoto mapajani. Binti yake alijifungua miezi miwili kabla ya wakati, katika hospitali kubwa iliyo ng'ambo ya milima. Wiki sita sasa mtoto alikuwa akikua ndani ya sanduku la joto, siku nyingine kwa gramu kumi, siku nyingine kwa gramu sifuri. Leo saa nane mchana wangeruhusiwa. Daktari alitoa sharti moja tu: mtoto asipigwe na baridi, maana mwili wake ndio kwanza unajifunza kujipasha. Njia ni ya saa mbili na nusu, inapita kwenye miinuko ambako majira haya umande huganda juu ya nyasi kutwa nzima. Na gari katika ukoo mzima lilikuwa hili moja, la mjomba mtu.

Fundi alifungua boneti, akaanza na vile ambavyo havikuwa kosa lake. Maji yalijaa. Feni ilikuwa imetulia, haizunguki bure. Waya wa hita ulivutika vizuri. Akajaribu kuisingizia geji kwamba inadanganya, lakini kiganja chake kilishaonja ule upepo, na kiganja hakina sababu ya kudanganya. Ikabaki mipira miwili inayopitisha maji ya kupozwa kwenye rejeta, wa juu na wa chini, nayo aliikwepa kadiri alivyoweza.

Mwishowe alizima injini, akaiacha ipoe, akaiwasha upya na kushika mpira mmoja kila mkono. Injini yenye afya hupasha mpira wa juu, wa chini ukabaki baridi kwa muda, kwa sababu kuna kilango kidogo, themostati, kinachoyazuia maji yasiende kupozwa kabla hayajapata moto. Hapa mipira yote miwili ilipata uvuguvugu kwa pamoja. Hapakuwa na kilango. Alijua kwamba hapakuwa nacho, kwa sababu alikitoa mwenyewe miaka miwili nyuma, siku ya jua kali, akakitupa mtaroni.

Watu hawakumwita Toatoa bure. Kwa miaka ishirini gari likichemsha lilikuwa na dawa moja kwake: toa themostati, tupa, funga. "Hiki ni pambo tu," aliwaambia wateja, nao walifurahi, kwani gari liliacha kuchemsha siku hiyo hiyo. Ikija baridi walivaa makoti ndani ya magari na kulaumu mawingu. Fundi wa ng'ambo ya barabara peke yake ndiye aliyebisha. Huyo waliyemwita Profesa, maana hakugusa nati kabla ya kufungua kitabu, alisema ugonjwa huwa kwenye rejeta au pampu, na kilango ni cha kusingiziwa. Toatoa aliufanya mtaa mzima umcheke. "Mpelekee Profesa gari lako," alikuwa akisema, "utalichukua likishastaafu."

Sasa alikata kipande cha boksi, akaziba nacho mbele ya rejeta ili upepo usiingie, akaendesha hadi juu ya mtaa na kurudi. Kupanda, mshale uliinuka kidogo. Kuteremka, ukalala tena. Na huo ulikuwa mteremko wa mtaani, wa watoto kuchezea. Milimani kungekuwa na upepo na saa nzima ya kuteremka.

Simu ikalia. Alikuwa mpwa wake, kutoka wodini.

"Mjomba, shikamoo. Nesi anauliza kama gari lina hita."

Dada alikuwa akimtazama. Jibu lilikuwa limeshafika ulimini: lina, liko safi kabisa. Angewafunga blanketi nne na kuomba Mungu. Kisha akamfikiria yule mtoto, ambaye hata kulia alikuwa hajalia sawasawa, akaogopa kikweli.

"Marahaba, mwanangu. Joto halina. Bado. Mwambie nesi nitakuja nalo."

Alipokata simu dada alikuwa ameshasimama. "Jana umeniambia gari ni zima."

"Jana sikujaribu hita."

"Lina nini?"

"Kuna kidude nilikitoa."

"Basi kirudishe."

"Nilikitupa, dada."

Dada alirudi kigodani, akaupakata tena mfuko. Angemtukana ingekuwa nafuu. Toatoa akampigia mwenye duka la vipuri, naye akacheka mpaka akakohoa.

"Toatoa anatafuta themostati! Kaka, mimi niliacha kuziagiza miaka saba iliyopita. Mtaani humu nani angenunua, na wewe unazitoa zote? Labda umwone Profesa."

Saa nne ilikuwa inapita. Toatoa alivuka barabara, akaeleza shida yake akiwa ameangalia viatu. Profesa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwenye kabati sina," alisema. "Ninayo kwenye gari langu. Injini ni aina moja na yako."

"Na wewe je?"

"Mimi nitavaa koti. Si ndivyo mnavyofanya huko kwako?"

Profesa alifungua injini yake mwenyewe, akakitoa kile kilango, akakitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni kwake pamoja na kipimajoto. Wakasimama wawili mbele ya jiko kama wanaosubiri maziwa yasifurike. Sabini, hakuna kitu. Themanini, hakuna kitu. Ilipofika themanini na mbili, kisahani cha kilango kikajisogeza taratibu, kikafunguka.

"Kizima. Chukua, na gasketi hii hapa, maji yasivuje."

Saa tano unusu alikuwa amerudi kwenye injini yake. Alifungua mfuniko, akakwangua gasketi kuukuu, akafuta. Kisha akakiweka kilango kwenye kiganja: upande huu springi, upande huu kisahani. Akakigeuza. Akakigeuza tena. Jasho lilimtoka na baridi ile yote.

Upande wowote kingeingia. Lakini kikiingia kinyume kisingeonja joto la injini, kisingefunguka, na gari lingechemka katikati ya milima, injini izimwe, hita nayo basi.

"Unangoja nini?" dada akauliza begani pake.

"Sijui kinaelekea wapi."

"Wewe? Fundi?"

"Nimevitoa mamia, dada. Kuweka sijawahi."

Aliona aibu iliyomshika masikioni mpaka shingoni. Dada hakucheka. Alikuwa ameukumbatia ule mfuko wa blanketi, na hofu yake ndiyo iliyomwinua Toatoa. Alitoka hadi katikati ya barabara, wateja wake wawili wakiwa wamekaa mbele ya gereji wakingoja magari yao, akaita kwa sauti.

"Profesa! Inakaa upande gani?"

Mmoja wa wale wateja alianza kucheka, mwenzake akamkanyaga mguu. Profesa alikuja akijifuta mikono kwa kitambaa, akainama juu ya injini.

"Springi iangalie injini, ionje maji ya moto. Haka katundu kawe juu, hewa ipite." Aliyasema kama anayetaja saa. "Kaza taratibu. Usiikate gasketi."

Toatoa alikaza taratibu. Walijaza maji, wakawasha, wakangoja. Mshale ulilala, ukalala, kisha ukaanza kupanda, ukasimama katikati na kutulia hapo. Mpira wa juu uliunguza, wa chini ulikuwa bado baridi. Dada aliweka mkono kwenye tundu la hita, akauacha hapo muda mrefu.

"Twende," alisema.

Wakati wa kwenda, Toatoa aliutazama mshale zaidi kuliko barabara, mpaka dada akamwambia kama ni kufa na wafe kwa baridi, si kwa mtaro. Hospitalini nesi alishuka mwenyewe, akaingiza kichwa ndani ya gari, akaonja joto, akamkabidhi mama mtu mtoto aliyefungwa blanketi. Wakaianza njia ya kurudi. Miinukoni nyasi zilikuwa nyeupe pande zote mbili na upepo ulilisukuma gari. Mshale ulikaa katikati. Walipoanza kuteremka ule mteremko mrefu Toatoa aliuma meno, na mshale ulikaa katikati.

Nyuma yake mpwa alijitikisa.

"Mjomba, punguza joto kidogo. Mtoto anatoka jasho."

Toatoa alipunguza joto, akaendelea kuendesha huku machozi yakimshuka, na dada yake akajifanya anatazama nje.