Sentimita Arobaini

Mvua ilianza saa nane mchana na Nasma, maskini, akaifurahia. Alikuwa kwenye karakana ya Bhargav, ghorofani Kariakoo, akisubiri sifa. Wiki iliyopita king'ora chake cha mafuriko kilifungwa Jangwani, mtaani kwa mama yake: kisanduku chenye kompyuta ndogo ndani, kinachopima maji ya mto na kulia yakipita mita moja.

Saa tisa Bhargav akachungulia dirishani. "Nasma, wanasema Jangwani maji yashafika barabarani. Kitu chako mbona kimya?"

"Labda hayajafika mita, bosi."

Lakini akawasha kompyuta ya mezani, akafungua programu ya kuigiza, ile inayojifanya kisanduku chenyewe ili fundi ajaribu kazi yake kabla ya kuipakia. Linux, mfumo unaoendesha kisanduku, ikaamka, maandishi yakateremka, kisha kipimo: sentimita 40. Akasubiri. 40. Tena 40.

Hapo akakumbuka. Kisanduku cha kuigiza hakina kifaa cha kupimia maji, basi mwezi uliopita aliandika arobaini kwa mkono wake, arobaini ya uongo, ili kazi isonge. Akasahau kuifuta, na nakala hiyo hiyo ndiyo aliyopeleka Jangwani. Mto ungefunika daraja zima, kisanduku kingeshikilia arobaini yake.

Akampigia mama yake, akikosea namba mara mbili.

"Mama, toka ndani!"

"Hata shikamoo hakuna?" Bi Mgeni akacheka. "Maji yameingia kidogo, yako kwenye vifundo vya miguu. Majirani walitaka kukimbia, nimewaambia watulie. King'ora cha mwanangu hakijalia."

"Toka tu, mama, nakuomba!"

"Uko Kariakoo, utayajuaje ya huku? Kikilia tutatoka."

Nasma aliona aibu, aibu ya kweli, ila hofu ilikuwa kubwa zaidi. "Hakitalia, mama. Nimekosea mimi. Hakitalia hata mkizama."

Nasma alijua mama yake anawatazama watu aliowazuia. Kisha Bi Mgeni akapaza sauti, si kwake:

"Tokeni! Tokeni wote, bebeni watoto! Mwanangu kapiga simu, king'ora kimelia!"