Mti Uliopona

Tshinakaho alikuwa fundi wa kupandikiza miparachichi, na sifa hiyo aliijua mwenyewe kupita kiasi. Alikaa kwenye kigoda mbele ya kitalu chake, utepe mdomoni, akichanja shina changa, akichomeka kikonyo, yaani kijitawi cha kuungia, akifunga, na papo hapo akimsimulia mteja habari za mti mama uliosimama uani. Habari yenyewe ilikuwa ile ile kwa miaka thelathini. Zamani, kabla yeye hajaolewa, mti ule uliugua. Tawi moja lilipiga michirizi ya manjano, matunda yake yakawa na mabonde ya njano kama ngozi iliyoungua. Mama mkwe wake, Vho-Masindi, alilikata. Pale lilipokatwa pakachipua matawi mapya, ya kijani safi, na tangu siku hiyo mti haukuonyesha doa. Basi Vho-Masindi akaamua kwamba vikonyo vyote vya kitalu vitoke kwenye machipukizi yale.

"Uliugua ukapona," Tshinakaho alikuwa akimwambia mteja. "Watoto wake wamezaliwa na kinga."

Nani asingenunua? Bonde zima la Levubu lilinunua.

Rendani, jirani yake wa ng'ambo ya kijito, alinunua kuliko wote. Mwaka wa sita baada ya kupanda, miti yake minne ikatoa matunda yenye mabonde ya njano. Akayabeba mpaka kwenye mkutano wa wakulima, akayaweka mezani bila kumlaumu mtu. Aliuliza tu kama ugonjwa ule ulikuja na miche.

"Swali gani hilo?" Tshinakaho akaruka. "Kisu chako hicho! Unapogolea miti ya huyu, kesho ya yule, hukioshi, halafu unashangaa? Mti wangu usiupake matope, baba."

Watu walicheka. Kabla ya jua kuzama Rendani alikuwa amepewa jina la Kisu Kichafu, na mtu ambaye watu walimwita awapogolee miti hakuitwa tena. Akaacha kuja mikutanoni. Tshinakaho alilala usingizi mzuri.

Shida ni kwamba hakutosheka. Miaka miwili baadaye akataka karatasi yenye mhuri, aitundike kitaluni, iseme mti wake ni mzima. Akamwita Fulufhelo, msichana wa kijiji aliyesomea magonjwa ya mimea, achukue majani ya mti mama akayapime.

Fulufhelo alirudi baada ya wiki tatu, akapiga magoti kusalimia, akakataa chai. Alipokataa chai, Tshinakaho akajua.

"Mama, mti unao ugonjwa. Umejaa tele."

"Uongo. Utazame! Una doa wapi?"

"Hauna. Ndiyo tabia yake. Lile tawi la zamani halikupona, mama. Machipukizi yaliyotoka pale ndiyo yanayoubeba bila kuonyesha. Na hayo ndiyo huupitisha kuliko yote, kwa vikonyo na kwa mbegu pia."

Tshinakaho akauliza mdudu huyo anafananaje.

"Si mdudu. Wala si virusi, maana virusi vina ganda. Hiki kinaitwa viroidi. Ni uzi mdogo mno uliofungwa duara, basi. Hauna mdomo, hauna tumbo, hauna hata agizo la kutengeneza kitu chochote."

"Sasa unazaaje?"

"Hauzai. Unanakiliwa. Ndani ya jani, kwenye zile sehemu za kijani, mti una vyombo vyake vya kunakili maagizo yake mwenyewe. Uzi unajipenyeza pale. Chombo hakijui, kinaunakili kama kazi yake ya kila siku. Na kwa kuwa ni duara, hauna mwisho. Kinazunguka, kinazunguka, kinatoa uzi mrefu wenye nakala zilizofuatana. Kisha ule mrefu unajikata wenyewe vipande, na kila kipande kinafunga duara lake."

"Unajikata? Bila kisu?"

"Bila kisu, mama. Kisu ni chetu sisi, cha kuutoa mti huu kuupeleka ule."

Msichana alipoondoka Tshinakaho alibaki kwenye kigoda chake akiitazama mikono yake. Uzi usio na chochote, usiojua lolote ila kunakiliwa. Na nani aliyeunakili miaka thelathini, kwa ustadi, huku akiringa? Mti ulikuwa na vyombo vyake, na bonde lilikuwa na yeye. Hata ile habari ya kupona aliirithi kwa mama mkwe na kuirudia neno kwa neno, wala hakuwahi kuiuliza swali. Kisha akamkumbuka Rendani, na aibu ikamshika hadi masikioni.

Angeweza kunyamaza. Fulufhelo alikuwa ameiacha karatasi kwake. Mti ungeendelea kupendeza, miche ingeendelea kununuliwa, na Rendani alikwisha kuzoea jina lake. Aliliwaza hilo siku mbili nzima, tusimpambe.

Siku ya tatu alikwenda kwa Makhadzi, dada mkubwa wa marehemu mumewe, kuomba mti ukatwe. Katika ukoo hakuna kinachokatwa wala kujengwa bila neno la Makhadzi, na mti huu ulikuwa wa mama yake mzazi, Vho-Masindi. Bibi yule alisikiliza huku akimenya karanga.

"Unataka kumuua mama yangu mara ya pili?"

"Hapana, Makhadzi."

"Karatasi ya mtoto wa juzi inakutisha? Mti unazaa. Mimi nimekula parachichi zake jana."

"Kula hakudhuru mtu, Makhadzi. Ila nikikata kikonyo kimoja tena baada ya kujua, hapo mimi ni mwizi."

Makhadzi aliendelea kumenya karanga hadi zikaisha zote. "Waite watu Jumapili," akasema. "Wakija, nitafungua mdomo mimi kwanza. Usinitangulie."

Jumapili uani palijaa. Rendani naye alikuja, akasimama nyuma kabisa. Makhadzi alimwaga maji kwenye mizizi, akisema na marehemu. "Mama, hukujua. Nasi hatukujua. Sasa tumejua." Akamwashiria wifi yake.

Tshinakaho akasogea mbele. Aliwaambia yote: tawi, machipukizi, uzi. "Miche yote mliyoichukua kwangu ina ugonjwa. Hata ile mizuri. Hiyo mizuri hasa. Ing'oeni, msipande mbegu zake. Na Rendani, nilikuvua nguo mbele za watu. Kisu kilichokuharibia shamba ni changu."

Watu wote walimgeukia Rendani.

"Kazi nimekosa miaka miwili," akasema. "Hilo utalirudishaje?"

"Sijui."

"Angalau leo hujui." Akapita katikati ya watu, akauchukua msumeno wa injini uliowekwa kando ya mti, akauwasha.

Mti ulianguka upande wa kitalu. Kisiki kilikuwa cheupe, kisafi, hakina hata mstari, na hapo minong'ono ikaanza. Mbona mzima? Labda vipimo vimekosea. Mzee mmoja akaomba kikonyo kimoja tu, cha kumbukumbu. Mwanamke mwingine akasema atakipanda mbali na wenzake. Watu walewale waliosikia yote! Tshinakaho aliwakatalia mmoja mmoja, akiburuta matawi kwenye moto uliowashwa uani, machozi na moshi vikichanganyika usoni.

Ndipo alipomwona Makhadzi akiinama. Mkono wa bibi ulikwenda chini kwenye matawi, ukavunja kitawi kifupi chenye macho matatu manono ya kuchipua, ukakificha ndani ya kitambaa alichojifunga.

Rendani naye aliona. Alizima msumeno, akamtazama Tshinakaho, aone atafanya nini.

Mke wa ukoo hamnyang'anyi Makhadzi kitu, wala hamwambii toa. Tshinakaho alimwendea, akapiga magoti mbele yake kwenye majivu, akainamisha kichwa, akanyoosha viganja vyote viwili vilivyoungana, kama anayeomba chakula. Makhadzi akatazama kando. Watu wakaacha kunong'ona. Magoti yalimuuma Tshinakaho, mikono ikaanza kumshuka, akaiinua tena.

"Ni mama yangu," Makhadzi akasema, sauti imepasuka.

"Najua, Makhadzi."

Bibi alilia kama mtoto. Kisha akaingiza mkono kwenye kitambaa, akakitoa kile kitawi, akakiweka kwenye viganja vya wifi yake.